ICT ya chuo wamefunga tiketi yangu bila kunisaidia na usajili mwisho ni Ijumaa, nifanyeje?

mtoto_wa_Arua
Jumatano, saa 2 usiku

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa haraka kabla sijapanda basi la usiku kwenda kutatua kitu ambacho naona kingeisha kwa simu ya dakika tano.

Iko hivi. Niko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja huko Kampala, jina naliacha. Likizo hii niko nyumbani Arua. Jumatatu nikaingia kwa mfumo nitoe PRN (namba ya malipo) nilipe ada nijisajili, paswadi ikakataa. Nikajaribu tena ikakataa, nikajaribu ya zamani, nikajaribu ile yenye herufi kubwa mbele, mara ya tano akaunti ikafungwa kabisa. Nikabonyeza umesahau paswadi, ikaniambia tumetuma namba kwenye simu yako inayoishia na 61. Mimi sina simu inayoishia na 61! Hio ni laini niliyokuwa nayo nikiwa S.6 (kidato cha sita), simu ikaibiwa ndani ya taksi nikaanza upya na laini nyingine, na nani angekumbuka kwenda kubadilisha chuoni? Njia ya pili ni kutumiwa linki kwenye imeili ya chuo. Sasa imeili ya chuo inafunguliwa na paswadi gani? Hio hio. Yaani funguo ya nyumba imefungiwa ndani ya nyumba.

Nikaandikia helpdeski kwa imeili yangu ya kawaida. Papo hapo likaja jibu na namba ya tiketi, eti ombi lako ni la muhimu sana kwetu. Siku mbili kimya. Leo asubuhi ndio napata ujumbe: tiketi yako imetatuliwa na imefungwa, tafadhali tupe nyota. Nyota!! Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeniuliza kitu, akaunti bado imefungwa vilevile. Nikapiga ile simu ya ofisi ikalia mpaka ikachoka yenyewe. Nina rafiki amebaki hosteli, nikamtuma aende dirishani, akaenda akakuta pamefungwa akanipigia picha karatasi waliyobandika mlangoni na selotepu: "Wenye shida ya paswadi, maelekezo yametumwa kwenye imeili zenu za chuo."

Nilicheka kwanza. Kucheka kulipoisha nikaenda kukaa peke yangu nje chini ya mwembe.

Sasa nauliza, kuna namna mtu aliye mbali anaweza kusikilizwa na hawa watu? Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye hizo ofisi, kwa nini mnafunga tiketi hivi? Ukichelewa kujisajili kuna faini, na usipojisajili kabisa kadi ya mtihani hupewi.

---

kijana_wa_benchi

Karibu kwa chama ndugu yangu, hatuna mwenyekiti ila wanachama ni wengi 😂

Yangu ilifungwa muhula uliopita. Nikaambiwa futa kache ya brauza, nikafuta. Nikaambiwa tumia brauza nyingine, nikatumia. Nikaambiwa jaribu na kompyuta si simu, nikaenda kafe nikalipia saa nzima. Mwisho nikajipeleka mwenyewe na kitambulisho, jamaa akabonyeza vitu viwili, hata sekunde kumi hazikufika, nikabaki namwangalia tu. Wewe panda basi, utalala njiani, asubuhi uko dirishani.

---

mtoto_wa_Arua

Bana nauli ya kwenda na kurudi ndio pesa yangu ya chakula ya wiki mbili. Na nikifika nikute ile karatasi ya selotepu?

---

fundi_wa_seva

Mimi niko kitengo cha ICT cha chuo kimoja hapa Uganda, natumaini sio hicho chako, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa ndani wa dirisha na mkitaka kunipiga mawe subirini nimalize.

Kwanza kuhusu tiketi. Naweza kukisia kilichotokea maana kwetu pia kilikuwa kinatokea mpaka tulipoligundua. Uliandika namba yako ya usajili kwenye ile tiketi, si ndio? Mfumo wa tiketi ukiiona hio namba unaenda wenyewe kukutafuta kwenye orodha ya wanafunzi, unakuta imeili yako rasmi ni ya chuo, basi kuanzia hapo kila anachoandika fundi kinatumwa huko. Lile jibu la kwanza la mashine lilikuja kwenye imeili yako ya kawaida kwa sababu lilitoka kabla hujatambuliwa. Sasa mtu wa helpdeski alikuuliza swali, naapia hilo, alikuuliza, akangoja, hukujibu, baada ya muda uliowekwa mfumo ukaifunga tiketi wenyewe na kuandika imetatuliwa. Kwake yeye wewe ndiye uliyenyamaza. Kwako wewe yeye ndiye amenyamaza. Hakuna mtu mbaya hapo, lakini nakubali ni upuuzi.

Pili, kwa nini hatubadilishi paswadi kwa simu. Mdogo wangu, namba ya usajili sio siri, iko kwenye kila karatasi ya matokeo inayobandikwa ukutani, na jina lako lote liko hapo pembeni. Kwetu zamani tulikuwa tunabadilisha kwa simu, mtu anapiga anataja jina na namba yake basi tunamsaidia, mpaka siku dada mmoja akaja analia, mpenzi wake wa zamani alipiga akajifanya kaka yake, akapewa paswadi, akaingia akamfutia kosi zote alizojisajili. Tangu hapo simu tukaacha. Na kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, taarifa za mwanafunzi tunatakiwa kisheria kuzilinda, sio swala la kuombana msamaha tu.

Na hio laini yako ya 61, usiichukulie poa. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni inaweza kumuuzia mtu mwingine. Kwa hiyo sasa hivi pengine kuna bwana huko Masaka anapata namba zako za siri anashangaa ni za nini.

Fanya hivi usiku huu huu. Usifungue tiketi mpya, jibu kwenye ile ile iliyofungwa, ukijibu inafunguka tena na historia yote inabaki. Mstari wa kwanza kabisa andika kwamba imeili ya chuo huwezi kuifungua, mnijibu kwenye hii tu. Halafu namba ya usajili, namba ya simu unayotumia sasa, maneno yenyewe yaliyotokea kwenye skrini (usiseme imekataa, yanakili au piga skrinishoti), na siku na saa ulipojaribu ili wakutafute kwenye kumbukumbu za seva. Weka picha ya kitambulisho cha chuo umekishika karibu na uso wako. Vyuo vingine vinakubali hio, vingine vitakupigia kwa video, vingine vitakataa, lakini angalau umewapa cha kufanyia kazi. Halafu, na hili wengi hawalijui, nakala mpelekee rejistra (msajili wa chuo). Tarehe ya Ijumaa sio ya ICT, ni ya rejistra. Sisi hata tukikuonea huruma vipi hatuwezi kuisogeza. Ukiwa na tiketi inayoonyesha ulianza kulalamika Jumatatu, una mahali pa kusimamia ukiomba usitozwe faini.

Na mniruhusu nitoe la moyoni kidogo. Saa saba za usiku inaingia tiketi: "Sir sistim haifanyi plz help." Mwisho. Sistim ipi? Ya matokeo, ya masomo, ya wifi, ya imeili, ya kulipa ada? Hakuna jina, hakuna namba. Ni kama mgonjwa amepiga simu hospitali akasema naumwa halafu akakata. Halafu na watu wa maksi kupotea, hao ni nusu ya foleni yetu kila mwisho wa muhula. Jamani maksi hatuziweki sisi! Lekchara ndiye anaziweka, idara inazipitisha, sisi tunalinda sanduku tu. Mtu anazungushwa na idara wiki nzima mwisho wanamwambia nenda ICT, akifika kwetu tunamrudisha idara, anatuona sisi ndio wachawi.

Ila hio karatasi ya selotepu, hapo sina utetezi. Hapo mnipige tu.

---

kodineta_wa_darasa

Fundi umeongea lakini mimi nakwambia helpdeski ya ukweli ya chuo ni sisi makodineta, tena bila mshahara. Mwanafunzi hafungui imeili ya chuo mpaka siku ya matokeo. Yuko WhatsApp. Na ICT wanajua yuko WhatsApp maana wao wenyewe wako WhatsApp.

Muhula uliopita nimepokea tangazo lenu kwa Kizungu kirefu, eti watumiaji watapata mteremko wa vipindi wa ubora wa huduma kufuatia kuhamishwa kwa miundombinu. Nimelisoma mara tatu. Nikarekodi voisi ya sekunde ishirini: makomredi, kesho mpaka Alhamisi netiweki itakuwa inakuja na kupotea, mwenye kazi ya kuprinti aprinti leo, anayeapload asingoje dakika ya mwisho, basi. Hio voisi ikazunguka mpaka kwa vitivo vingine, mtu wa uhandisi ambaye simjui akanipigia kuniuliza kama na wao inawahusu.

Mnaona shida? Sasa mimi ambaye hata cheo sina ndio nimekuwa sauti rasmi ya ICT. Na siku nikikosea saa ni mimi nitatukanwa. Kwa nini msitupe sisi makodineta hio taarifa kwa lugha ya watu, mistari mitatu tu, nini kitazimwa, saa ngapi, mtu afanye nini?

---

lekchara_mchovu

Nimesoma hapo kwa kodineta alipotaja kukosea saa nikakumbuka la kwangu, maana na sisi walimu msidhani tunapendelewa, tangazo tunalipata siku moja na nyinyi.

Kwetu ICT waliombwa matangazo yatoke na kwa Kiswahili, kwa sababu tuna wanafunzi wa Kenya, Tanzania, Kongo na Sudan Kusini. Wazo zuri kabisa. Tangazo la kwanza likasema mfumo wa masomo utazimwa Ijumaa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Mimi nikaelewa, saa nne usiku ni saa nne usiku, na Muganda akisema ssaawa nnya ez'ekiro anamaanisha wakati huo huo, sote tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Lakini kijana amekaa na simu mkononi, simu haijui jua, ikiandika 4 ni alfajiri watu wakiwa wamelala. Nusu ya darasa wakaamini wana usiku mzima.

Na mimi nikaongeza kosa langu juu ya lile. Mfumo wetu wa masomo ni Moodle, na ukitengeneza kazi humo ukaacha muda jinsi ulivyo, inakuwekea mwisho saa 00:00 ya siku ile. Niliandika Jumamosi. Mimi kichwani mwangu Jumamosi usiku, mashine inasema dakika ile Ijumaa inapoisha. Kwa hiyo watu waliotegemea kuapload saa tano ya usiku wa Ijumaa wakakuta mfumo umezimwa, na mfumo uliporudi wakakuta muda umekwisha. Jumatatu nikawa na watu mlangoni mpaka kwenye ngazi. Nikafungua upya kwa wote, ningewaadhibu kwa lipi?

Siku hizi kazi zangu zote zinafungwa Jumatano saa sita mchana, wakati ICT wako ofisini na chai wameshakunywa. Na nikaenda mwenyewe kwao nikawaomba waandike yote mawili, saa nne usiku yaani 22:00. Wameanza kufanya hivyo, nawapa haki yao.

---

kijana_wa_benchi

Mwalimu heshima yako, mimi nilikuwa kwa ile ngazi 😂😂 au chuo kingine chenye ngazi sawasawa

---

mgeni_wa_Goma

Bonsoir wote. Mie ni Mkongomani nasoma hapa Uganda. Samahani naingiza swali yangu ndani ya swali ya mwenzangu, juu nimeona kuna fundi hapa.

Wifi ya eduroam, ile ya vyuo, nimeishindwa wiki nne, natumia bando zangu tu. Kwenye ukuta wa maktaba kuna kipeperushi chenye mapicha ya kuonyesha namna ya kuingia, inasema pale penye setifiketi uchague "usihakiki". Telefone yangu mpya haina hiyo neno! Nimetafuta juu, chini. Nikaenda kwa ofisi, kijana akashika telefone yangu akazungusha zungusha akanirudishia akasema telefone yako ni ya Kongo. Nilinunua hapa hapa Kampala.

---

fundi_wa_seva

Ndugu yangu wa Goma pole sana, simu yako iko sawa, kilichozeeka ni hicho kipeperushi. Hilo chaguo la usihakiki lilianza kuondolewa kwenye Android 11 mwisho wa mwaka 2020, kwa hiyo kwenye simu nyingi mpya hutalikuta. Na waliliondoa kwa sababu nzuri. Setifiketi ni kama kitambulisho cha seva ya chuo. Usipoihakiki, mimi naweza kukaa hosteli na ruta yangu nikaipa jina eduroam, simu yako ikipita inajaribu kuingia kwangu na maelezo yako ya siri nayavuna hapo.

Dawa yake: pakua apu inaitwa geteduroam, tafuta jina la chuo chako ndani, apu inajipangia setifiketi na mengine yote wewe unaweka jina na paswadi tu. Chuo kisipokuwepo kwenye orodha rudi ofisini uwaulize jina la setifiketi yao, na usiondoke bila hilo jina. Jambo lingine, jina lako liandike zima na ile @ na anwani ya chuo mwisho. Watu wanaandika namba tupu, inakubali wakiwa chuoni, wakienda kwingine inakataa. Ukiandika zima, seva ya huko uliko inajua ikuulizie kwenye chuo chako, kwa hiyo utaingia kwenye chuo chochote chenye eduroam, na hapa Uganda RENU (mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti) wameiweka hata sehemu zingine nje ya vyuo. Ukirudi Goma ukapita Kigali unaweza kuingia pia ukiwa chuo chenye eduroam huko.

---

mgeni_wa_Goma

IMEINGIA. Nimeandika hii nikiwa kwa eduroam. Wiki nne!! Ilikuwa ile @ na ile apu. Aksanti mingi mkubwa.

---

mhitimu_wa_zamani

Mimi nilimaliza siku nyingi lakini ngoja niwaonye. Imeili ya chuo yangu ilifutwa na picha zote za utafiti wangu, wanakijiji niliowahoji, fomu zao za ridhaa, kila kitu. Nilidhani ni roho mbaya. Baadaye ndio nikaambiwa Google walikuwa wanawapa vyuo nafasi bila kikomo, halafu kuanzia 2022 wakaweka kikomo cha TB 100 kwa chuo kizima kwa akaunti za bure, maelfu ya watu mgawane hio, kwa hiyo chuo kikaanza na waliomaliza. Sababu naielewa. Walitangaza wapi? Kwenye imeili ya chuo, ambayo mtu aliyemaliza anaifungua ya nini. Toeni vitu vyenu humo mapema, msingoje gauni la mahafali.

---

mtoto_wa_Arua
Ijumaa, saa 9 alasiri

Apdeti wadau.

Jumatano ile ile usiku nikajibu kwenye tiketi ya zamani kama fundi alivyosema, nikaweka kila kitu, picha ya kitambulisho nimepigwa na mdogo wangu kwa mwanga wa tochi maana umeme ulikuwa umekatika, nilionekana kama mtu aliyekamatwa. Rejistra nikampa nakala. Alhamisi saa nne asubuhi simu ikaita, namba siijui, dada mmoja mpole sana wa helpdeski. Akanipigia kwa video, akaniuliza jina la mlezi niliyemwandika kwenye fomu ya kuingia chuo na shule niliyosoma S.4, akafuta ile namba ya 61 akaweka mpya, nikapata namba ya siri nikaingia. Dakika nne na kidogo. Nilimuuliza kwa nini mlifunga tiketi yangu akaniambia "lakini wewe ndio hukunijibu."

PRN nimetoa, nimelipa kwa simu, usajili umekubali. Basi sikupanda.

Sasa sikilizeni. Nikafungua imeili ya chuo. Barua 214 sijasoma. Nikashuka chini, nikamkuta yule dada, Jumatatu ile ile mchana: "Habari, tafadhali tutumie picha ya kitambulisho chako ili tukusaidie." Jumanne: "Bado tunasubiri picha." Fundi hukukosea hata nukta. Nikashuka zaidi, wiki tatu nyuma kuna tangazo: paswadi zote za zamani zitakoma, wanafunzi wabadilishe kabla ya tarehe fulani, na wahakikishe namba zao za simu ni za sasa.

Nimempa yule dada nyota tano. Ile karatasi rafiki yangu anasema bado iko mlangoni.

---

kodineta_wa_darasa

Nitumie hilo tangazo la paswadi nilirushe kwa grupu. Kwetu kuna watu kumi na moja wamefungiwa, walidhani ni ada.

---

fundi_wa_seva

Nami nimeenda kuangalia mlango wetu leo mchana. Tunayo na sisi, ya tangu Machi. Nimeibandua.